Baiskeli za umma: Vituo ni ghali, lakini kukosa vituo nako kuna bei yake

MWANAFUNZI wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi anayetaka kufika mjini Nyeri ana njia tatu za kusafiri: miguu yake, matatu au bodaboda. Umbali ni kilomita sita hivi. Kwa miguu ni zaidi ya saa moja. Kwa bodaboda ni dakika chache tu, lakini nauli ya kwenda na kurudi, ikilipwa kila siku kwa muhula mzima, humega sehemu kubwa ya fedha alizotumiwa na mzazi ambaye pengine anategemea bonasi ya majani chai au malipo ya kahawa.

Njia ya nne, ambayo miji mingi duniani imeijaribu katika miaka 20 iliyopita, ni baiskeli ya umma. Mtu huichukua mahali fulani, huiendesha kwa safari moja, huiacha aendako, na mwingine huichukua hapo. Hanunui baiskeli wala haiweki nyumbani. Hulipia dakika alizoitumia.

Mipango hii ni ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, baiskeli hufungwa kwenye vituo maalumu vya chuma vilivyojengwa kando ya barabara, na ni lazima irudishwe katika kituo kimojawapo. Katika aina ya pili hakuna kituo. Kufuli imo ndani ya baiskeli yenyewe, hufunguliwa kwa rununu, na msafiri huiacha popote anapokoma.

Wanaoipigia debe aina ya pili huwa na hoja moja tamu masikioni mwa viongozi, kwamba haiugharimu mji hata ndururu. Hoja hiyo inafaa kuchunguzwa kabla ya mtu yeyote kuileta Nyeri, Nanyuki, Embu au Kerugoya, kwani fedha zitakazopotea ni za mlipa ushuru, na amana itakayopotea itakuwa ya mwanafunzi yule yule.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Miaka ya themanini, nikiwa mtoto Karatina, fundi mmoja karibu na soko alikuwa akitukodisha baiskeli kwa mizunguko. Ulilipa sarafu yako, ukaacha kitu cha thamani, ukaendesha hadi mahali mlipoafikiana, ukarudi. Kitu changu cha thamani kilikuwa sweta ya shule. Siku moja mnyororo ulikatika nikiwa kwenye kiinuka, nami nikarudi nikiisukuma baiskeli. Fundi alishikilia kwamba niliukata mimi, na sweta ikakaa kibandani mwake wiki mbili hadi mama alipokwenda kuikomboa. Mle kibandani mlikuwamo kila kitu ambacho makampuni makubwa yamekuja kukivumbua upya: kituo, amana, ada ya muda, na ugomvi juu ya nani alipe kifaa kilichoharibika.

Tuanze na vituo. Jiji la Paris lilizindua mpango wake uitwao Vélib' mnamo Julai 2007. Kampuni ya matangazo ya JCDecaux ilikubali kununua baiskeli na kujenga vituo, nayo ikapewa haki ya kuuza nafasi kwenye zaidi ya mabango 1,600 ya jiji. Watu wengi walidhani jiji limepata baiskeli za bure. Kumbe lilikuwa limelipa kwa mapato ya mabango ambayo vinginevyo yangeingia katika hazina yake.

Kufikia Oktoba 2009, asilimia 80 ya baiskeli 20,600 za kwanza zilikuwa zimeibwa au kuharibiwa. Kampuni ililalamika, na jiji likakubali kuchangia takriban euro 400 kwa kila baiskeli iliyoibwa pindi wizi ulipozidi asilimia nne kwa mwaka. Hivyo basi, anayesema kwamba kituo cha chuma ni kinga kamili dhidi ya mwizi hajasoma historia ya Paris. Kituo hupunguza wizi, hakiukomeshi.

Nchini Marekani, katika miaka ya mwanzo ya mipango hii, gharama ya kuanzisha mfumo wenye vituo ilikadiriwa kuwa kati ya dola 4,000 na 5,000 kwa kila baiskeli. Msomaji asishtuke akidhani baiskeli yenyewe ndiyo yenye bei hiyo. Sehemu kubwa ya fedha humezwa na kituo: chuma, saruji, nyaya au paneli za jua, mashine ya kulipia, na kompyuta inayojua ni baiskeli ipi imefungwa wapi. Isitoshe, nafasi za kufungia hulazimika kuwa nyingi kuliko baiskeli, kwa kuwa kituo kilichojaa ni mlango uliofungwa kwa anayetaka kurudisha.

Aina isiyo na vituo ilizaliwa chuoni. Kampuni ya Ofo ilianzishwa mwaka wa 2014 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking, jijini Beijing, nayo ilihudumu kwanza ndani ya chuo. Hilo si jambo dogo. Chuo kina ukuta, lango na mlinzi, na baiskeli iliyoachwa popote ndani yake bado imo ndani yake. Ukuta ule ulikuwa unafanya kazi ya kituo bila kulipwa. Baiskeli zilipotoka langoni na kuingia mjini, ukuta haukuzifuata.

Mshindani wa Ofo, kampuni ya Mobike, alitengeneza baiskeli imara yenye matairi yasiyopata pancha na chombo cha kuonyesha mahali ilipo kwa setilaiti. Baiskeli zake za kwanza ziliripotiwa kugharimu yuani 3,000 hivi kila moja. Za Ofo ziligharimu takriban sehemu ya kumi ya bei hiyo, na kufuli zake za awali zilikuwa za tarakimu zisizobadilika, kiasi kwamba aliyezikariri mara moja aliweza kuifungua baiskeli ile ile bila malipo tena na tena. Nauli ilikuwa yuani moja, au chini yake, kwa safari fupi.

Nauli hiyo haikutosha kulipia baiskeli. Makampuni yaliishi kwa mitaji ya wawekezaji na kwa amana za wateja. Ofo ilitoza amana iliyofikia yuani 199 na Mobike yuani 299. Shanghai ilipopiga marufuku uingizaji wa baiskeli mpya mnamo Agosti 2017, tayari zilikuwako takriban milioni 1.5 jijini humo, zimerundikana kwenye njia za wapita njia na chini ya madaraja. Mobike ilinunuliwa na kampuni ya Meituan mwezi Aprili 2018. Mnamo Desemba mwaka huo wateja walipanga foleni kwenye baridi nje ya ofisi ya Ofo wakidai amana zao, na waliokuwa wakisubiri kurejeshewa fedha kupitia simu walizidi milioni 10.

Amana ya mtu mmoja ni kidogo. Ya watu milioni 10 ni mtaji wa benki, isipokuwa benki husimamiwa na sheria. Hapa kwetu mteja wa M-Pesa anajua, au hajui lakini ananufaika, kwamba fedha zilizo katika simu yake huwekwa chini ya udhamini, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Kampuni ya baiskeli itakayoomba amana ya Sh500 kwa mwanafunzi wa Nyeri haina budi kuulizwa fedha hizo zitakaa akaunti gani, na kwa jina la nani.

Mji unaofanana na Nyeri kuliko Paris au Shanghai ni Seattle, huko Marekani. Si kwa utajiri, bali kwa milima na mvua. Seattle ulianza na vituo. Mpango wake, Pronto, ulizinduliwa Oktoba 2014 ukiwa na baiskeli 500. Wateja hawakufika idadi iliyotarajiwa, vituo vilikuwa vichache na mbalimbali, na sheria ya kuvaa kofia ya usalama iliwachosha wengi. Mwaka wa 2016 jiji liliununua mpango huo kwa dola milioni 1.4 ili kuuokoa, na mwisho wa Machi 2017 likaufunga.

Miezi michache baadaye, kuanzia Julai 2017, makampuni matatu yasiyotumia vituo yaliingia Seattle kwa nauli ya takriban dola moja. Jiji halikulipa kitu, na viongozi walifurahi. Lakini baiskeli zilianza kuonekana zimelala njiani, zikiwazuia wenye viti vya magurudumu na wasioona, na jiji likahitaji wakaguzi, rangi ya kuchora maegesho, na watumishi wa kushughulikia malalamiko. Ilipofika 2018 lilitangaza kwamba kampuni inayotaka kuendelea italipa ada iliyofikia dola 250,000. Ofo na Spin zikaondoka. Iliyobaki, Lime, iliegemea baiskeli za umeme, ambazo hupanda mlima bila kumtoa mtu jasho lakini bei yake ni mara kadhaa ya baiskeli ya kawaida.

Sasa tuje nyumbani na tupige hesabu. Nasisitiza kwamba takwimu za Nyeri zinazofuata ni za mfano tu, ili msomaji aone mahali gharama inapokaa. Si bei za mzabuni yeyote.

Tuseme mji unataka baiskeli 200. Kwa mfumo wa vituo, tukichukua dola 4,000 kwa baiskeli na kubadilisha kwa Sh129 kwa dola, kila baiskeli pamoja na sehemu yake ya kituo itagharimu Sh516,000. Mpango mzima ni Sh103.2 milioni. Hiyo ndiyo tarakimu itakayosomwa katika bunge la kaunti, na ndiyo itakayozua kelele. Ikiwa vifaa vitadumu miaka 10, gharama hiyo ni takriban Sh141 kwa baiskeli kwa siku. Ongeza mishahara, vipuri na pikapu ya kuhamisha baiskeli kwa Sh600,000 kila mwezi, yaani kama Sh99 kwa baiskeli kwa siku. Jumla ni Sh240.

Kwa mfumo usio na vituo, tuseme baiskeli na kufuli yake ya simu ni Sh30,000. Baiskeli 200 zitagharimu Sh6 milioni pekee, na hapa ndipo diwani anapotabasamu. Lakini baiskeli inayolala nje, popote, haidumu. Tuipe miaka miwili, wizi ukiwemo. Hiyo ni Sh41 kwa siku. Gharama ya kuzitafuta, kuzikusanya na kuzitengeneza itakuwa kubwa kuliko ya kwanza, tuseme Sh800,000 kwa mwezi, au Sh131 kwa baiskeli kwa siku. Jumla ni Sh172.

Kwa hivyo pengo ambalo kwenye karatasi ya ununuzi lilikuwa mara 17 limepungua na kuwa chini ya mara moja na nusu. Na bado hatujauliza swali linaloamua kila kitu: baiskeli moja itaendeshwa mara ngapi kwa siku? Ikiendeshwa mara nne, safari moja kwenye mfumo wa vituo itagharimu Sh60, na kwenye ule mwingine Sh43. Lakini baiskeli iliyoachwa nyuma ya nyumba ya mtu kule Kamakwa haionekani na mpita njia, na huenda ikapata safari mbili tu. Hapo safari moja ni Sh86, ghali kuliko ile ya vituo.

Hesabu ya wizi nayo yaweza kuvuruga yote. Mobike ilipoondoka Manchester, Uingereza, mnamo Septemba 2018, baada ya takriban miezi 15 tu, ilisema ilikuwa ikipoteza asilimia 10 ya baiskeli kila mwezi. Tukiwa na baiskeli 200 na hasara kama hiyo, bila kununua nyingine, baada ya mwaka mmoja tungebaki na 56. Tukiamua kujaza pengo kila mwezi, tungenunua baiskeli 20 kwa Sh600,000, na mwaka ungeisha tukiwa tumetumia Sh7.2 milioni kwa kujaza pengo tu, fedha nyingi kuliko tulizoanza nazo.

Kuna gharama nyingine ambayo mwandishi wa zabuni aliyeketi Nairobi hataiona, nayo ni mlima. Mji wa Nyeri uko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, umekatwa na mabonde, na mtu anayetoka mjini kuelekea King'ong'o huteremka hadi Mto Chania kisha hupanda tena. Kila mahali penye milima watu huteremka na baiskeli lakini hupanda kwa matatu. Jioni baiskeli zote huwa bondeni. Paris ilipoona hivyo, ilianza mwaka wa 2008 kuwapa dakika 15 za bure wateja waliozirudisha kwenye vituo vya juu. Haikutosha, malori yaliendelea kuzipandisha.

Katika mfumo wa vituo, angalau dereva wa pikapu anajua aende wapi: kituo cha bondeni kimejaa, cha juu ni kitupu. Katika mfumo usio na vituo, lazima azunguke akifuata nukta kwenye simu, na nukta husema baiskeli iko wapi. Haisemi kwamba iko ndani ya shamba la mahindi lenye mbwa, au kwamba wakati wa masika barabara ya kuifikia ni tope tupu. Petroli ya mizunguko hiyo ndiyo niliyoikadiria hapo juu, na nadhani nimeikadiria kwa huruma.

Si miji yote ya Mlima Kenya iliyo hivyo. Nanyuki, ingawa iko juu zaidi kuliko Nyeri, imekaa kwenye ardhi iliyo bapa kiasi. Wang'uru na mashamba ya mpunga ya Mwea ni tambarare halisi, na huko baiskeli haijawahi kutoweka. Meru na Chuka zina miinuko inayomfanya hata kijana mwenye nguvu ashuke na kusukuma. Mtu akija na mpango mmoja kwa miji hii yote, ajibiwe kwamba hajaizuru.

Wala mpinzani wa baiskeli hizi si gari la binafsi. Ni pikipiki. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250, na katika miaka michache bodaboda za baiskeli, zilizokuwa zimeenea kutoka mpakani Busia hadi miji mingi ya nchi, zikasukumwa pembeni. Bodaboda ya leo humchukua abiria mlangoni, humfikisha mlangoni, na haimwombi awe na rununu ya kisasa wala bando. Ikiwa nauli ya safari fupi ni Sh50, baiskeli ya umma ambayo abiria ataikanyaga mwenyewe haiwezi kutozwa zaidi ya Sh20 au Sh25. Rudi kwenye hesabu: hakuna mfumo hata mmoja kati ya hiyo miwili unaojilipia kwa nauli hiyo. Mtu mwingine lazima ajazilize, awe kaunti, chuo au mwenye matangazo. Anayeahidi vinginevyo anajazilizwa na mwekezaji, na siku mwekezaji akichoka huduma hukoma.

Miji iliyoumia imejaribu njia ya katikati. Jiji la Chicago mwaka wa 2018 lilitaka baiskeli zisizo na vituo ziwe na mnyororo wa kuzifungia kwenye chuma kilichosimama, isiwe kufunga gurudumu tu na kuiacha baiskeli imelala. Miji mingi ya China ilichora maegesho barabarani na kumtoza mteja anayeacha baiskeli nje yake. Chuma cha kufungia ni kazi ya fundi wa kuchomelea yeyote pale Majengo, na hakihitaji umeme.

Hapa Nyeri njia hiyo yaweza kwenda hatua moja mbele. Karibu kila kona ina duka, kibanda cha M-Pesa au fundi wa baiskeli anayeshinda hapo kutwa. Tukiweka vyuma vya kufungia baiskeli mbele ya vibanda 30, na kumpa mwenye kibanda Sh5 kwa kila safari inayoanzia kwake, yeye atakuwa na sababu ya kutazama ni nani anayeilegeza tandiko. Kwa safari nne kwa siku hiyo ni Sh20 kwa baiskeli, juu ya ile Sh172, na jumla ya Sh192 bado ni ndogo kuliko Sh240. Ikiwa mlinzi huyo ataifanya baiskeli idumu miaka mitatu badala ya miwili, gharama ya ununuzi itashuka kutoka Sh41 hadi Sh27 kwa siku. Usiku angeziingiza ndani, kwa malipo ya ziada. Udhaifu wake ni kwamba kibanda hufungwa saa mbili usiku, na mwanafunzi anayetoka maktaba saa tatu atakuta mlango umefungwa.

Kigali, mji wa milima kuliko Nyeri, ulizindua baiskeli za umma chini ya kampuni ya GuraRide mnamo Septemba 2021, nao ulichagua vituo. Wana faida ambazo sisi hatuna: njia za baiskeli zilizochorwa, barabara zilizofungwa kwa magari katikati ya jiji, na serikali ya jiji iliyojihusisha tangu mwanzo. Mjumbe wa kaunti anayetafuta ziara ya mafunzo angeweza kupanda basi hadi huko badala ya ndege hadi Ulaya. Angefika na maswali matatu tu: baiskeli moja huendeshwa mara ngapi kwa siku, ni ngapi kati ya zile za kwanza zingali barabarani, na ni nani anayelipa dereva wa lori linalozipandisha mlimani jioni.